Daftari, simu, lahajedwali au kalenda: uweke wapi hesabu ya sanaa yako?

Anayechora kwa kujifurahisha hana mkubwa wa kumuuliza mwezi huu umetoa nini. Hana oda, hana siku ya kukabidhi kazi, na mara nyingi hata waliomo nyumbani hawajui kwamba ile bahasha juu ya kabati imejaa michoro. Hapa Lamu watu wa namna hiyo wako tele: mwalimu anayeshuka jioni kuchora milango ya mtaa wa Mkomani, mama anayeshona kofia ya vito, ile ya kudariziwa, huku chungu kiko jikoni, kijana wa mtaa wa Langoni anayejifunza khati, yaani mwandiko wa sanaa, kwa kalamu ya mwanzi, baharia anayechonga vijahazi vidogo siku za upepo mbaya. Muulize yeyote kati yao mwaka huu amefanya kazi ngapi. Atakwambia "nyingi" au atakwambia "hata sijafanya kitu", na aghalabu yote mawili si kweli.

Ndipo linapokuja suala la kuweka hesabu, na hapo wengi hukwama wasijue waanzie wapi. Njia ninazoziona zikidumu mikononi mwa watu ni nne: daftari, picha za simu, lahajedwali (jedwali la kompyuta au simu linalojumlisha namba; wengi husema Excel tu, hata wakitumia Google Sheets) na kalenda ya ukutani. Kila moja ina watu wake.

Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni kazi ya kila siku. Usijipime kwa siku ambayo una nguvu. Jipime kwa siku umerudi umechoka, umeme umekatika na bado una dakika chache tu za kuandika ulichofanya. Njia isiyopita siku hiyo haitafika mwisho wa mwezi.

Cha pili ni kile kinachohesabiwa, na kwangu mimi hiki ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu unachokihesabu hugeuza unachokifanya. Ukihesabu vipande, utaanza kutoa vipande vidogo vidogo ili idadi ipande. Ukihesabu saa, utakaa na mchoro mmoja hata pale ulipopaswa kuuacha. Ukihesabu siku, utachora mistari miwili saa tano ya usiku ili siku isipotee. Kofia ya vito iliyodariziwa vizuri huchukua miezi, lakini kwenye orodha ya vipande ni moja tu, sawa na skechi ya punda uliyoichora ukisubiri boti Mokowe. Kabla ya kuchagua njia, jua sanaa yako hupimwa kwa nini.

Cha tatu ni usalama wa kumbukumbu yenyewe. Pwani yetu haina huruma na karatasi wala na simu: hewa ina chumvi, kuta za mawe ya matumbawe huvuta unyevu, mchwa hawachagui, na simu hutumbukia baharini mtu akipanda boti.

Cha nne ni urahisi wa kurudi nyuma, yaani ukitaka kujua mwaka jana wakati wa kusi ulikuwa unachora nini, utapata jibu au utapekua tu? Cha mwisho ni gharama. Hiki hakitachukua nafasi kubwa hapa, kwa sababu zote nne ni rahisi. Tofauti ni kama unalipa kwa shilingi, kwa bando au kwa muda wako.

Daftari

Kazi ya kila siku. Ndogo, mradi usijitwike mengi. Mstari mmoja au miwili yatosha, kama huu:

"Jumanne, 4/3. Na. 14. Mlango wa nyumba ya kona, rangi za maji, A5. Saa moja na nusu. Kivuli kimekufa, bluu nyingi mno. Karatasi haikukauka upesi."

Angalia maneno ya mwisho hapo. Hayo ndiyo daftari linayoyapata na njia nyingine huyakosa: kilichokwenda kombo, na kwa nini. Ukisoma mistari kama hiyo ya miezi mitatu mfululizo, utagundua kwamba tatizo lako ni kivuli, wala si mkono.

Inahesabu nini. Chochote unachotaka, na hapo ndipo penye uzuri wake na udhaifu wake. Daftari halikulazimishi, kwa hiyo leo utaandika saa, kesho utasahau, keshokutwa utaandika hali ya moyo wako. Wanaofanikiwa nalo huamua mapema mambo matatu au manne yasiyobadilika, yaliyobaki huwa ya ziada.

Njia hii ina wazee wake. Paul Klee, mchoraji aliyezaliwa Uswisi, alianza mwaka 1911 kuandika kwa mkono orodha ya kazi zake zote, akarudi nyuma hadi michoro ya utotoni, na akawa anaipa kila kazi mwaka na namba. Edward Hopper wa Marekani naye alikuwa na vitabu vya hesabu vya kawaida, vile vya dukani. Yeye akichora humo picha ndogo ya kila mchoro uliotoka, mkewe Josephine akiandika maelezo. Hao walikuwa wakiishi kwa kazi hiyo, kweli, lakini ile namba ya Klee ni ya kuigwa na yeyote: andika nyuma ya kazi yako kwa penseli "25-14", yaani kazi ya 14 ya mwaka 2025, na uandike namba hiyohiyo kwenye daftari. Kuanzia hapo mchoro na maelezo yake havipoteani tena.

Usalama. Hapa ndipo daftari linapoumia. Lenye pini za chuma hushika kutu na kuacha madoa katikati ya kurasa. Tafuta lililoshonwa kwa uzi. Wino wa kalamu nyingi hutawanyika ukipata maji, penseli haitawanyiki. Usiliweke kwenye zidaka (kishubaka) la ukuta unaotoa chumvi hata kama linapendeza pale. Rafu ya mbao iliyo mbali na ukuta ni bora. Likipotea limepotea, isipokuwa kama una mazoea ya kupiga picha kurasa zake.

Kurudi nyuma. Kusoma ni raha, kutafuta ni taabu. Hakuna daftari litakalokujumlishia saa za mwaka mzima bila wewe kukaa chini na kikokotoo.

Linamfaa nani. Anayetaka kujifunza kutokana na kazi zake kuliko kujua idadi yake. Na anayetaka kupumzika na kioo cha simu walau saa moja kwa siku.

Picha za simu

Kazi ya kila siku. Hakuna iliyo ndogo kuliko hii. Umemaliza, umepiga, umeondoka. Simu yenyewe huhifadhi tarehe na saa ndani ya picha bila wewe kuandika neno.

Inahesabu nini. Vipande vilivyoonekana. Kama kazi yako huenda polepole, piga picha kila wiki hata kama haijaisha. Kofia iliyopigwa picha kila Ijumaa, palepale juu ya mkeka, hukuonyesha duara la vito likipanda safu kwa safu, jambo ambalo hata mshonaji mwenyewe halioni akiwa na sindano mkononi. Lakini picha haijui ulitumia saa ngapi wala kwamba ulifumua mara mbili.

Ubora nao una namna yake. Vichochoro vyetu vyembamba havina mwanga wa kutosha, na taa ya chumbani hugeuza nyeupe kuwa manjano. Panda darini chini ya makuti asubuhi, au utoke kiwandani, yaani uani, jua lisipopiga moja kwa moja. Kivuli chenye mwanga wa anga ndicho kinachotoa rangi ya kweli. Laza kazi chini, simama juu yake sawasawa, weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane.

Usalama. Picha iliyo kwenye simu moja tu haijahifadhiwa. Google hutoa nafasi ya bure ya GB 15, lakini tangu Juni 2021 picha mpya unazopakia huhesabiwa humo pamoja na barua pepe zako na mafaili mengine, kwa hiyo hujaa. Na wengi hudhani kumtumia ndugu picha kwa WhatsApp ni kuihifadhi. Picha iliyopita humo kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na hupoteza zile taarifa za tarehe zilizokuwa ndani yake. Ukitaka ifike nzima, itume kama faili la dokumenti. Vinginevyo, kadi ndogo ya kumbukumbu inayokaa nyumbani ni suluhisho zuri kuliko linavyosifiwa.

Kurudi nyuma. Ni rahisi ikiwa kazi zako zina albamu yake. Zikichanganyika na picha za harusi, risiti na matangazo ya misiba, utachoka kabla hujafika Machi.

Zinamfaa nani. Wenye kazi za kuonekana kwa jicho mara moja: uchoraji, uchongaji, hina, ufumaji. Pia wanaogawa kazi zao. Ukimpa mgeni mchoro akaondoka nao, picha ndiyo itakayobaki kwako. Mwenye khati atafaidika akiweka herufi ileile ya Januari na ya Juni upande kwa upande.

Lahajedwali

Kazi ya kila siku. Kubwa kuliko zote ukitumia simu ndogo. Kuandika ndani ya vile vyumba kwa kidole gumba ni adha, na hakuna aibu kusema hivyo. Wenye kompyuta, au wanaokusanya wiki nzima kwenye karatasi wakaingiza Jumamosi, hawaoni tabu.

Inahesabu nini. Kila kitu kinachoweza kuwa namba, na hukujumlishia. Safu sita zatosha: tarehe, namba ya kazi, aina, ukubwa, dakika, na kama imekwisha. Andika =SUM(E2:E200) chini ya safu ya dakika (E ndiyo safu ya tano), kwenye mstari wa 201, na mwaka mzima uko mbele yako. Hapo ndipo mtu anayedai hana muda wa sanaa huona alikuwa nao, au anayejiona mchapakazi huona vinginevyo.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia kwa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili. Programu hii huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo ukiandika ulianza saa tatu na ukamaliza saa tano usiku, itakuchanganyia na asubuhi. Usiandike ulianza lini na kumaliza lini. Andika dakika ulizokaa, 120, basi. Na "saa moja na nusu" kwa maneno haitajumlishwa kamwe, andika 90. Tarehe nazo, kama simu yako imepangwa kwa mtindo wa Marekani, 4/3 itasomwa kuwa tarehe 3 Aprili. Njia salama ni kuanza na mwaka: 2025-03-04.

Usalama. Ikiwa imehifadhiwa mtandaoni, simu ikizama baharini hesabu haizami nayo. Google Sheets hufanya kazi hata bila mtandao ukiwasha sehemu hiyo mapema, kisha hujisasisha ukipata bando. Faili la namba ni jepesi mno. Hatari iliyopo ni kusahau nywila, na hiyo huwapata watu wengi kuliko mchwa.

Kurudi nyuma. Hapa haina mshindani, lakini tahadhari na kulinganisha mwezi kwa mwezi. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu. Ukilinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka juzi, huenda moja ilikuwa ya kufunga na nyingine si ya kufunga, na ukajiona umezembea bure. Ongeza safu moja ya maelezo: Ramadhani, mvua ya masika, Maulidi, wageni nyumbani. Mchora rangi za maji atashangaa jinsi miezi ya mvua ya kusi inavyopunguza kazi zake kwa sababu tu karatasi haikauki.

Inamfaa nani. Anayependa namba kwa asili yake. Anayefikiria kuuza siku moja, maana ukishajua kofia imekula dakika ngapi na uzi wa shilingi ngapi, mazungumzo ya bei hubadilika. Haimfai yule ambaye namba humtia unyonge.

Kalenda ya ukutani

Hii ni fupi kuielezea, na wala si kwa kuidharau.

Kazi ya kila siku: alama moja kwa kalamu, sekunde mbili. Inahesabu siku, basi, siyo vipande wala saa. Usalama wake ni mdogo, maana itapata ukungu pale ukutani na Januari itatupwa, ingawa mtu akipiga picha kila ukurasa mwezi unapokwisha, hilo limekwisha. Kurudi nyuma kutakwambia ulifanya siku ngapi bila kukwambia ulifanya nini. Gharama ni bure. Maduka huzigawa kila mwaka.

Nguvu yake ni kwamba iko wazi. Watoto wataiona, watauliza mbona jana hakuna alama, na huyo ni msimamizi ambaye hakuna programu inayomfikia. Udhaifu wake hutokana na jambo hilohilo: mfululizo ukikatika, wengine huacha kabisa. Dawa ni kuzipa siku tupu sababu yake. Anayekwenda baharini siku za maji mafu aandike B kwenye siku hizo. Mgonjwa aandike M. Siku yenye herufi haikusuti.

Inamfaa nani. Anayejifunza ustadi unaotaka mkono urudie kila siku: khati, ala ya muziki, michoro ya mistari. Haimfai mwenye kazi kubwa anazozifanya wikendi tu, maana kalenda yake itakuwa tupu hata mwezi aliofanya vizuri kuliko yote.

Na programu maalumu za simu?

Zipo zinazohesabu dakika kwa saa ya kubonyeza, nyingine zinakupangia hata malengo. Zinafaa kwa wanaosahau kuandika muda. Kabla hujajiunga na yoyote, angalia mambo mawili: kama ada yake inakatwa kila mwezi, na kama inakuruhusu kutoa kumbukumbu zako zote kama faili la CSV (faili jepesi linalofunguka kwenye lahajedwali) ukaziweke kwingine. Isiyokuruhusu, mimi nisingeikabidhi mwaka wangu.

Kuchanganya mbili

Wengi wataishia hapa, na si vibaya, alimradi kila njia iwe na kazi yake. Daftari na picha huelewana sana: picha huonyesha kazi, mstari husema yasiyoonekana, namba iliyo nyuma ya karatasi huviunganisha. Kalenda na lahajedwali pia huenda pamoja kwa anayeingiza mara moja kwa wiki, kwa sababu alama za ukutani humkumbusha siku zipi azitafute. Kubeba zote tatu au nne ni kujitafutia kazi ya ukarani usiyolipwa.

Uamue kwa hali yako

Kama una dakika thelathini tu baada ya Isha, na sehemu yake yote unaitaka kwa ajili ya kuchora, tumia picha za simu na albamu moja. Usiongeze kitu kwa miezi miwili ya kwanza.

Kama unashona, unasuka ukili au unachonga, yaani kazi moja hukaa nawe wiki nyingi, usihesabu vipande kabisa. Hesabu dakika kwenye daftari au lahajedwali, na upige picha siku moja maalumu ya wiki.

Kama unahisi umedumaa na huoni maendeleo, idadi haitakusaidia. Chukua daftari na uandike kila mara jambo moja lililokushinda. Baada ya muda, liangalie pamoja na picha za kazi zilezile.

Kama tatizo lako ni kuanza tu, kwamba vifaa vipo na mkono hauvigusi, tundika kalenda mahali ambapo wa nyumbani wanapita.

Kama watu wameanza kukuuliza bei, fungua lahajedwali leo, hata kama huipendi, uweke safu ya vifaa na safu ya dakika. Ukilazimika kukadiria bei ya kofia au mchoro mbele ya mgeni aliyesimama mlangoni, karibu kila mara utakadiria chini.

Na kama una rundo la kazi za zamani zisizo na tarehe, usijaribu kuziingiza moja moja. Utachoka kabla hujaanza mpya. Zipige picha zote kwa siku moja yenye mwanga mzuri, uziweke kwenye albamu yake, na namba zianze na kazi utakayoifanya sasa. Unazokumbuka mwaka wake, andika mwaka huo nyuma kwa penseli. Usizokumbuka, ziache wazi.